Yosiya Wawili wa Mama Agathe

Saa mbili asubuhi, mlango wa ofisi ndogo iliyo nyuma ya kanisa, mtaani Rwambuzi mjini Bunia, mashariki mwa Kongo, uko wazi, na vumbi la barabara limeshaanza kuingia. Agathe Vahwere, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, ameinamia kitabu kikubwa ambacho jalada lake la ngozi limeliwa na mchwa. Mkononi ana kipande cha mwanzi alichokichonga mwenyewe hadi kikawa chembamba kama wembe. Anakipenyeza polepole kati ya kurasa mbili zilizogandana kwa unyevu. Karatasi inatoa mlio mdogo, kisha inaachia.

Kwenye benchi mbele yake ameketi mkulima mmoja, Fabrice, aliyetoka nyumbani alfajiri kwa pikipiki. Mke wake amejifungua mtoto wa kiume, na mzee wa ukoo amesema mtoto apewe jina la baba wa bibi yake Fabrice. Tatizo ni kwamba hakuna aliye hai anayelijua jina hilo.

"Papa Fabrice, sikiliza muzuri," anasema Mama Agathe bila kuinua kichwa. "Kitabu cha ubatizo kinasema baba ya bibi yako aliitwa Zakaria. Kitabu cha ndoa kinasema aliitwa Zakayo. Siwezi kukuambia ni gani iko ya kweli."

"Lakini weye njo unajua kusoma hii Kiingereza."

"Kusoma ninajua. Kile kilitokea, sikijui. Sikukuwa pale."

Anachukua karatasi, anaandika majina yote mawili, mwaka na ukurasa wa kila moja, na chini yake anaongeza neno moja: Sijui. Kisha anatia sahihi na kupiga mhuri. Fabrice anaikunja karatasi na kuiweka katika mfuko wa shati. Anashukuru, ingawa uso wake unaonyesha kwamba alitarajia kurudi na jina moja.

"Zamani sikukuwa nafanya hivi," Mama Agathe ananiambia mgeni wake akishaondoka. "Zamani nilikuwa nachagua."

Alizaliwa Butembo, katika familia ya wafanyabiashara. Akiwa na miaka sita, baba yake aliyekuwa akiuza kahawa ng'ambo ya mpaka alihamia naye Kasese, Uganda. Huko ndiko alikosoma hadi sekondari, kwa Kiingereza. Alikuja Bunia mwaka 1989 pamoja na mume wake, akafundisha Kiingereza kwa zaidi ya miaka ishirini. Mume alifariki mwaka 2011. Miaka miwili baadaye parokia ilimwomba awe karani wake, kwa sababu moja tu: vitabu vya zamani vilikuwa vimeandikwa kwa Kiingereza, na hakuna mwingine aliyeweza kuusoma mwandiko ule.

Vitabu hivyo ni vinne. Viliandikwa kuanzia miaka ya ishirini ya karne iliyopita, katika misheni ya Waingereza iliyokuwa kwenye vilima vya kusini. Kimoja ni cha ubatizo, kimoja cha ndoa, kimoja cha maziko. Cha nne ni daftari la katekista, mwenyeji wa vilima hivyo, aliyekuwa akiandika mambo ya namna hiyohiyo kwa penseli, hata yaliyowapita Waingereza, kwa Kiingereza cha kujifunzia. Wakati wa vita, mwaka 2002, mjukuu wa katekista huyo alivileta Bunia ndani ya sanduku la bati, akiwa amejitwika kichwani.

Wazee wengi waliojua nani ni mtoto wa nani hawakufika Bunia. Ndiyo maana watu huja kwa Mama Agathe. Posho yake ni dola sitini kwa mwezi, na kuna miezi ambayo haitoki. Bustani ya mboga za lengalenga nyuma ya nyumba ndiyo inayomsitiri.

"Batu walikuwa wananiheshimu sana," anasema. "Nikisema kitu, kimeisha. Ile heshima njo iliniharibu."

Mwezi wa Machi mwaka 2018 walikuja ofisini kwake watu saba wa familia mbili. Gracia, muuguzi mwenye miaka ishirini na minne, na Lionel, fundi wa pikipiki, walikuwa wamekwisha kubaliana kuoana. Mahari ilikuwa imepangwa, na tarehe ya kanisani ilikuwa mwezi wa Mei. Ndipo shangazi mmoja wa Lionel akashtuka aliposikia ukoo wa Gracia ukitajwa.

Babu yake Lionel aliitwa Eriya, mtoto wa Kaheru na Miriamu. Hilo halikuwa na ubishi. Babu yake Gracia aliitwa Yosiya, na yeye pia alikuwa mtoto wa Kaheru. Lakini mama yake hakuna aliyemjua. Kama Kaheru alikuwa mmoja, basi Eriya na Yosiya walikuwa ndugu wa baba mmoja, na kwa mila za vilima vile Gracia na Lionel ni dada na kaka. Hawawezi kuoana.

Mama Agathe aliomba siku mbili. Katika kitabu cha ubatizo alikuta, mwaka 1938, kwa wino mweusi na herufi zilizolala vizuri upande mmoja: Yosiya, mtoto wa Kaheru na Miriamu. Katika daftari la katekista alikuta, mwaka 1941, kwa penseli iliyofifia: Yosiya, mtoto wa Kaheru na Lea.

Vitabu viwili vilisema mambo mawili. Kama mama alikuwa Lea, huenda palikuwa na Kaheru wawili. Alikaa navyo jioni nzima.

"Nilijiambia huyu katekista alichanganya," anasema. "Penseli yake ilikuwa inatetemeka, Kiingereza yake ilikuwa na makosa. Na mimi niko mwalimu wa Kiingereza, makosa inanisumbua. Ya Muzungu ilikuwa safi, na sahihi chini. Niliamini mwandiko muzuri."

Siku ya tatu aliwaambia wale watu saba kwamba Eriya na Yosiya walizaliwa na baba mmoja na mama mmoja. Hakulitaja daftari. Aliandika karatasi, akatia sahihi, akapiga mhuri.

Anakumbuka kwamba Gracia hakulia. Aliuliza tu kama ni hakika.

"Ni hakika, mutoto yangu," alimjibu.

Mpango wa ndoa ulivunjwa wiki hiyohiyo. Lionel aliondoka Bunia kwa miezi kadhaa, akarudi, na mwaka 2020 akamwoa Joëlle. Wana watoto wawili. Gracia aliomba kazi katika kituo cha afya cha Tchomia, kando ya Ziwa Albert, na hadi leo anafanya kazi huko. Hakuolewa. Kwenye kwaya alikokuwa akiimba walianza kumnong'ona kuwa ndiye aliyetaka kulala na kaka yake. Mama yake, Adèle, aliacha kwenda kanisani. Alifariki mwaka 2021.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2023 mvua kubwa ilitoboa paa la ofisi. Mama Agathe alitoa vitabu vyote nje kuvianika juani. Kitabu cha maziko kilikuwa na fungu la kurasa zilizoshikana tangu alipokipokea, naye siku zote alidhani ni kurasa tupu za mwisho. Jua lilipozikausha zilianza kujikunja pembeni, akaona wino ndani. Alitafuta mwanzi.

Ukurasa wa tano kuachia ulikuwa wa mwaka 1939. Katika mstari wa tatu palikuwa pameandikwa kwamba amezikwa Yosiya, mtoto mchanga wa Kaheru na Miriamu, aliyekufa kwa surua.

"Niliketi chini, kwenye majani," anasema. "Nilisoma tena. Halafu nilisoma tena. Yule Yosiya wangu alikufa hata mwaka mbili hajafikisha. Hangeweza kuwa babu ya mutu."

Aliingia ndani akafungua kitabu cha ndoa, kitabu ambacho mwaka 2018 alikuwa amekipekua akitafuta herufi za jina Kaheru tu, akaona hakuna kitu. Safari hii alisoma mstari kwa mstari. Mwaka 1940 Mwingereza aliandika jina kama sikio lake lilivyolishika: Kayelu. Huyu Kayelu alitoka kilima kingine na ukoo mwingine, alikuwa hajawahi kuoa, na siku hiyo alimwoa Lea. Mwaka uliofuata walimpata Yosiya, babu yake Gracia. Daftari la penseli lilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Gracia na Lionel hawakuwa na udugu wowote.

Mama Agathe anakiri kwamba alikaa na habari hiyo siku kumi na moja bila kumwambia mtu. Alifikiria kukifunga kitabu na kukirudisha sandukuni.

"Nilisema, kama nikinyamaza, nani atajua? Lionel iko na mke, iko na batoto. Nitamuletea nini? Fujo tu. Lakini nilikuwa naona yule mama Adèle, alikufa na aibu ya kitu haikukuwa."

Alianza na Lionel. Alimkuta kwenye gereji yake, mikono imejaa grisi, akamweleza yote amesimama. Lionel aliendelea kufunga mnyororo wa pikipiki mpaka ukakaza. Kisha akauliza, "Sasa mama, hii habari nifanye nayo nini?"

Jioni yake Lionel alimweleza mkewe mwenyewe. Joëlle anasema hakukasirika, ila kwa wiki kadhaa alikuwa akimtazama mume wake anapokula na kujiuliza anawaza nini. "Siye tuko muzuri," anasema. "Lakini iko vitu ungependa usivijue."

Safari ya Tchomia ilikuwa ngumu zaidi. Mama Agathe alikifunga kitabu cha maziko kwenye kitenge, akakipakata njia nzima. Gracia alimpokea uani mwa kituo cha afya, akasoma mstari ule polepole kwa kidole, maana Kiingereza hakijui sana. Akasoma na ule wa Kayelu ulionakiliwa kwenye karatasi. Alipoambiwa habari ya daftari la penseli, aliinua macho.

"Hili daftari ulilipata lini?" aliuliza.

"Ile wakati. Nilikuwa nalo."

"Uliona vitabu viwili, vinasema mambo mbili. Sababu ya nini hukutuambia viko viwili?"

Mama Agathe anasema hilo ndilo swali lililomvunja. Kosa la kusoma angeweza kulitetea, kwa kuwa kurasa zilishikana na jina liliharibika mkononi mwa mgeni. Lakini kuficha daftari hakukusababishwa na unyevu wala na Mwingereza.

"Nilimwambia kweli. Nilimwambia, mutoto yangu, sikutaka munione kama mutu hajui."

Nilipozungumza na Gracia kwa simu, alikuwa mtulivu, mwenye maneno ya mkato. Anasema hakumfukuza, alimpa maji ya kunywa na kumtafutia pikipiki ya kurudi. Kusamehe anasema amesamehe, kwa sababu hawezi kubeba mzigo huo na kazi ya zamu. "Tungekuwa tuliambiwa viko viwili, tungengoja," anasema. "Siye tulikuwa tayari kungoja hata mwaka tano. Hakuna mutu alituomba kungoja."

Aliomba jambo moja tu. Alitaka ukweli usomwe mahali palepale uongo ulipoenea.

Jumapili ya pili ya Februari mwaka 2024, baada ya mahubiri, Mama Agathe alisimama mbele ya waumini. Familia zote mbili zilikuwepo. Alisoma mistari mitatu ya Kiingereza, akaitafsiri, kisha akasema kwamba Gracia hakuwahi kuwa dada yake Lionel, na kwamba yeye Agathe alikuwa na daftari la kweli mkononi akalificha.

Ibada ilipokwisha, wanakwaya wawili walikwenda kwa Gracia wakashindwa pa kuanzia. Lionel alimpa mkono. Walisimama hivyo kidogo, mkono kwa mkono, Joëlle akiwa pembeni amembeba mtoto wao mdogo. Kisha Gracia akaenda makaburini kumwambia mama yake.

Mama Agathe aliandika barua ya kuacha kazi. Parokia iliikataa, si kwa huruma bali kwa sababu hakuna mwingine anayesoma vitabu hivyo. Alikubali kubaki kwa sharti kwamba kwanza arudie kazi yake yote.

Tangu mwaka 2013 ametia sahihi karatasi sitini na tatu za namna hiyo. Huzipitia moja baada ya nyingine, akilinganisha vitabu vyote vinne, na karatasi moja huweza kumchukua mwezi mzima, maana jina moja Mwingereza aliliandika kwa sura tano. Hadi sasa amemaliza kumi na tisa. Tatu kati yake zina makosa. Familia mbili ameshazifikia. Ya tatu ni ya Elisabeth, mjane anayeishi Fataki, ambaye mwaka 2015 aliambiwa kwamba ndoa ya wazazi wake haikuandikwa popote. Iliandikwa. Alhamisi hii Mama Agathe atakwenda kumwona, njia ikiwa salama.

Zimebaki arobaini na nne, na jicho lake la kulia limeanza kufunga utando. Daktari amemwambia asiwe na haraka ya kupasuliwa, lakini pia asichelewe sana. Nilimuuliza kwa nini asimwachie kijana mwenye macho mazima akamfundisha kusoma mwandiko ule, naye akapumzika.

"Kufundisha nitafundisha, Fanny wa kwaya ameshaanza kujua herufi," alijibu. "Lakini hizi zenye sahihi yangu, nataka nizipeleke mwenyewe, ningali hai. Kama iko mutu wa kukasirikia, wanikute."