Goti la Bi Somoe na Mikono ya Mumewe

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kitengo cha Fiziotherapia alininyooshea mkono wake mwenyewe niukande. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti kipya, nikaukamua kwa nguvu zangu zote. Akauvuta.

"Binti, huo ni mkono, si muhogo," alisema. "Mgonjwa akishakunja uso, ujue umekosea zamani."

Nilikwenda kulia chooni, nikanawa uso, nikarudi. Mikono ikajifunza polepole.

Nyinyi mnaoanza leo mmekuta mashine za umeme. Sisi tulikuwa na mkeka, mifuko ya mchanga na kipimapembe cha kujua goti linakunjika kiasi gani. Nikapelekwa Nanyamba, chini ya Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, bwana asiyepandisha sauti hata akikasirika. Huko ndiko nilikojua magoti ya wakulima wa korosho, watu wanaoinama tangu mabibo yaanze kudondoka mpaka msimu uishe. Niliwaambia wote wapumzike. Waliitikia vizuri sana, kisha wakaenda zao shambani.

"Usiwakataze kuinama," Mganga Mfawidhi aliniambia. "Wafundishe namna ya kuinama." Nimeyatumia maneno yale hadi nastaafu.

Miaka yangu ya mwisho nilikuwa Mtwara mjini, na hapo akaja Daktari Bingwa wa mifupa, kijana ambaye ningeweza kumzaa. Alileta tiba ya kuuchochea mwili ujikarabati wenyewe. Unamtoa mgonjwa damu kidogo, unaizungusha kwenye mashine hadi ijitenge, unachukua yale maji ya manjano yenye chembe sahani nyingi, zile zinazogandisha damu ukijikata na kuanzisha kupona, kisha unayachoma palepale penye maumivu. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kutuonya.

"Si muujiza. Wengine inawafaa, wengine haiwafai. Na gegedu lililokwisha kabisa halirudi." Gegedu ni ule ulaini unaozuia mifupa isisagane. Nilimpenda kwa kutodanganya.

Bi Somoe alitoka Kitaya, kule mtoni, na mumewe Mzee Mfaume. Goti lake la kulia lilikuwa limemsumbua miaka. Vidonge vilimchoma tumbo, na mazoezi peke yake yalimfikisha nusu ya njia tu. Nilipomuuliza anataka nini, nilitegemea aseme shamba.

"Nataka kusujudu, mwanangu. Nimechoka kuswali kwenye kiti kama mgeni. Nataka paji la uso liguse chini kabla sijafa."

Akachomwa. Nikamweleza kwa utaratibu: siku za mwanzo litauma, ndiyo kazi inafanyika. Usimeze dawa za kupunguza uvimbe, usilikande kwa maji ya moto, na urudi baada ya wiki mbili. Aliitikia kila neno.

Alirudi siku ya sita. Goti limefura, la moto, halikunjiki. Nikaona sijda yake inapotea mbele ya macho yangu, na hofu ikanitoka kama hasira.

"Nani amelikanda hili goti?"

Bi Somoe akatazama mlangoni. Pale kwenye benchi alikaa Mzee Mfaume, ameshika ndara za mkewe mapajani.

"Mwenzangu huyu," alisema taratibu. "Kila alasiri tangu goti lianze, huchemsha maji, akanikanda na mafuta ya nazi. Si mtu wa maneno. Maneno yake ndiyo hayo. Sasa ningemwambiaje asiniguse?"

Mzee alisikia. Akaziweka ndara chini, akaificha mikono chini ya kanzu. "Kumbe nilikuwa namuumiza nke wangu," alisema. Sijawahi kusahau sauti ile.

Daktari Bingwa alivuta maji gotini, akayapima, akashukuru hakuna maambukizi. Kisha akanivuta pembeni. "Ulimwelekeza anayekandwa, Mama Zuhura. Umemsahau anayekanda."

Miaka yote ile kazini, na nimekulia katika nyumba ambamo hakuna maumivu yasiyokandwa! Niliona aibu. Nikaenda kukaa benchini na Mzee Mfaume, nikamwomba radhi, nikamwomba mikono yake. Goti lilipotulia, nilimfundisha kukishika kisigino cha mkewe na kukitelezesha mkekani, kukunja na kukunjua, mara kumi.

"Uangalie uso wake, siyo goti," nilimwambia. "Akikunja uso, simama."

"Uso wake naujua," alisema.

Walikuja kliniki miezi kadhaa, kipimapembe kikipanda kidogokidogo, na mimi nikastaafu kabla sijajua mwisho wake.

Kustaafu kunanipa nafasi ya kuyahesabu makosa, nayo si haba. Kinachonirudia zaidi ni kwamba sikuwa nikiuliza vya kutosha nani yuko nyumbani. Baba Zuhura alitangulia mbele za haki, Zuhura kaolewa mbali, na vidole gumba vyangu, baada ya magoti yote yale, siku hizi havifungui hata chupa.

Mwezi uliopita nilikwenda Kitaya kuwasalimu. Tukala, tukacheka. Nikashindwa kufungua kifuniko cha chupa ya chai, nikaificha aibu kwa mzaha. Mzee Mfaume hakucheka.

"Nani anakukanda wewe?"

Nilitaka kujibu jambo la kitaalamu. Yakaja machozi.

Mzee akaenda jikoni kuchemsha maji. Bi Somoe akakunja khanga, akaiweka juu ya mkeka mbele yangu. Akashika ukingo wa kiti changu, akashuka polepole, goti la kushoto, kisha la kulia, akatulia juu ya khanga bila kukunja uso.

"Lete mkono, mwanangu," alisema. "Tangu Ramadhani kile kiti cha kuswalia anakikalia paka."