Mkebe wa Dawa za Cucu

Juzi, kwenye duka la dawa huko Karatina, mhudumu alimwaga vidonge vya mama mmoja mzee juu ya kaunta, akawa anamuuliza kimoja kimoja alikitoa wapi. Nilitoka nje nikalia.

Nilimkumbuka cucu, mama wa baba, alasiri ile nikiwa mdogo, wanawake wa kanisa walipokuja kumjulia hali. Nyumba ilinukia moshi na chai ya maziwa. Walileta unga, ndizi, na dawa zilizowabakia wenyewe.

“Hii ndiyo ilinishushia presha,” mmoja alisema. “Meza tu, mama.”

“Mungu awabariki. Hata sikuwa na ya rangi hii.”

Cucu alimeza za hospitali, kisha za wageni, ili asimvunje yeyote moyo. Mimi nilitazama zile rangi zilizobaki, alizozitia kwenye mkebe wake wa dawa, nikaona hakuna anayependwa kama yeye.

Walipoimba wimbo wa kuaga, kichwa chake kiliinama. “Amelala,” niliwaambia, nao wakatoka wakinyata.

Sasa najua zote zilikuwa za kushusha presha, na yake ilishuka isipande tena. Siku ile nilimfunika leso, nikakaa mlangoni nikifukuza kuku, wasije wakamwamsha.