Waya Uliopita Sebuleni

Nyumba yetu ya Ifakara ilikuwa na kompyuta mbili, na majirani walituona tumechanganyikiwa. Miaka ile ya tisini ikielekea ukingoni, mtu mwenye akili zake akipata fedha alinunua baiskeli mpya au mashine ya kukoboa mpunga. Mimi nilikuwa nachapa mitihani ya shule na kadi za harusi kwenye chumba cha mbele. Mke wangu aliingiza takwimu kwenye kompyuta za ofisi moja ya utafiti mjini, na ofisi ilipobadilisha mashine zake akanunua moja ya zile kuukuu. Tuliiweka chumbani kwetu, chini ya dirisha.

Yeye ndiye aliyetaka ziunganishwe. Alirudi na waya mweusi mnene kama kidole cha mtoto, vichwa vya kufungia na vizibo viwili vya kuziba ncha, akanionyesha wanavyofanya ofisini kwao. Tukaupitisha waya kutoka chumbani, ukatambaa chini ya ukuta wa sebule, nyuma ya kabati la vyombo, hadi kwenye meza yangu. Siku faili lake la kwanza lilipotokea kwenye kioo changu alipiga kigelegele, na mimi nikamwambia anatuaibisha.

Kompyuta yangu ilikuwa na maiki na spika lakini diski yake ilikuwa ndogo, imejaa mitihani. Yake ilikuwa na nafasi tele, ila bubu. Kwa hiyo alipotaka kumrekodia mama yake salamu, alikaa kwenye kiti changu, akanifukuza chumbani, akaongea peke yake muda mrefu, na sauti ikapita kwenye waya ikaenda kulala kwenye mashine yake. Mama yake alikuwa Masagati, huko mbele ya Mlimba, na hakujua kusoma. Barua za bintiye alisomewa na watu, na mke wangu alisema kuna mambo hawezi kuyaandika yakapitia mdomo wa jirani. Mpango ulikuwa tuihamishie sauti kwenye kaseti tukipata waya wa redio. Niliuliza alichosema. Akanijibu, "Umeitwa mama wewe?"

Kabla hatujaupata huo waya wa redio, homa ilimchukua. Aliingia hospitali Jumatatu akitembea mwenyewe. Alhamisi nilirudishiwa khanga zake zikiwa zimekunjwa.

Msiba kwetu haukai kwenye makochi. Watu walikuja, wakatoa viti, meza na kabati nje, wakatandika mikeka sebule nzima, na wanawake wakalala humo mpaka tulipoanua tanga. Mimi sikuona lolote. Nakumbuka miguu ya watu tu, maana nilikuwa nimelala chini. Walipoondoka walirudisha kila kitu mahali pake, hata vyombo kabatini walivipanga vizuri kuliko alivyokuwa akivipanga mwenyewe. Ndivyo majirani wa Ifakara walivyo, na nawashukuru mpaka leo.

Shangazi zake walibaki kulinda nyumba, na kanuni yao ilikuwa moja: cha marehemu hakisogezwi mpaka arobaini. Gauni libaki kwenye msumari, kandambili zibaki chini ya kitanda, kompyuta ibaki chini ya dirisha. Siku ya arobaini vitu vitagawiwa. Kompyuta ilinunuliwa kwa jasho lake, hivyo itakwenda kwa kaka yake. Sikupinga. Mwanamume anayegombea mali ya mkewe kaburi halijakauka hana haya.

Ila sauti niliitaka. Nilimweleza mama mkwe, aliyekuwa bado kwetu tangu mazishi, naye alikuwa ameketi jikoni akichambua mchele ambao hakuna aliyemwomba auchambue.

"Mama, ndani ya kile chombo mna maneno yake. Alikusemea wewe. Naomba niyatoe kwanza."

Aliokota chuya, akaitupa. "Sauti ya aliyekufa haikaliwi nayo, mwanangu," akasema. "Mwache apumzike. Ukitaka kutoa, toa, mimi sitaki kuisikia."

Basi nikafuta mitihani yangu yote kupata nafasi, nikaketi mezani, nikaamuru faili lije. Zamani faili kama lile lingevuka sebule kabla chai haijapoa. Sasa vile vikaratasi vinavyoruka kwenye kioo faili likihamishwa viliruka, vikasimama, vikaruka tena. Baada ya saa nzima mashine ikaniambia haiioni kompyuta ya pili. Nikaanza upya. Ikanijibu vilevile. Nikajaribu kuisikiliza sauti hukohuko iliko, bila kuihamisha, nikapata mkwaruzo na nusu ya neno, kisha kimya. Nusu ya neno lile iliniuma kuliko mazishi.

Nilifanya yote niliyoyajua. Nilizima na kuwasha. Niliomba ruhusa ya shangazi niguse ncha tu ya waya kule chumbani bila kusogeza mashine, nikafungua kichwa, nikakipuliza, nikakifunga. Nilibadilisha vizibo. Nilichomoa kwenye mashine yangu kadi inayopokea waya nikaifuta kwa kitambaa kilekile cha kufutia machozi. Nililaumu umeme, kwa sababu Ifakara ukiulaumu umeme hukosei sana. Nililaumu joto. Niliwalaumu panya, nikaukagua waya pale unapoonekana, haukuwa na alama ya jino. Kwenye meza yangu ulikuwa mzima, na mlangoni mwa chumba ulikuwa mzima.

Nikamwita kijana aliyefanya kazi na mke wangu ofisini. Alituma vipimo kutoka mashine hadi mashine, akahesabu vinavyorudi.

"Vingine vinarudi, kaka, vingine vinapotea njiani," akasema. "Huu waya umeguswa?"

"Haujaguswa."

"Una hakika?"

"Nani auguse? Ndani humu kuna wazee wanaosali rozari."

Akakuna kichwa, akaniambia niwe na subira, kwenda mbio si kufika. Nilimtazama vibaya mpaka akaomba ruhusa aondoke. Sikuwa na subira. Nilikuwa na arobaini inayonijia kama treni, na kila jioni nilimchukia kila mtu aliyekuwa na mke anayeongea. Nilifikia hata kumchukia marehemu, kwamba alijua kuunganisha mashine na hakuniachia ujuzi wa kuziponya. Baadaye nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa kuwaza hivyo.

Asubuhi ya arobaini, kabla ya misa, niliamuru faili kwa mara ya mwisho nikaiacha mashine ikihangaika. Tukaenda kanisani, tukarudi, watu wakala wali. Vikaratasi bado vilikuwa vinaruka, na mstari wa chini haujafika hata robo. Shemeji yangu alikuja akasimama mlangoni kwangu. Alikuwa mtu mpole, na alishika mikono yake kwa nyuma kama mwanafunzi.

"Shemeji, tungojee?"

Mama mkwe akajibu kutoka sebuleni kwamba treni ya Mlimba haimngoji mtu.

Niliutazama ule mstari. Ungehitaji siku nzima nyingine, na usingefika. "Chomoeni," nikasema.

Wakaichomoa, wakaifunga kwa shuka lake, wakaenda nayo stesheni. Baada ya miezi kadhaa nilipata salamu kwamba haikukubali kuwaka vizuri, fundi mmoja akaifuta yote akaanza upya, na sasa inafanya kazi nzuri kabisa.

Walipoondoka niliamua kuung'oa waya. Niliuvuta ukakwama nyuma ya kabati, ikabidi nitoe vyombo na kulisogeza. Nyuma yake, mahali pa urefu wa mkono, waya mweusi ulikuwa umekatwa, na katikati kumetiwa kipande cha waya mweupe wa dishi la televisheni. Viungo vyote viwili vilikuwa vimesokotwa kwa uangalifu na kuzungushiwa utepe wa fundi umeme. Ilikuwa kazi safi.

Nilimjua mwenye mkono ule, fundi redio wa hapo mjini. Nilikwenda kwake Lumemo, alikokuwa akitengeneza redio na kufunga madishi ya mabaa. Nilikwenda na hasira, nikamkuta ameinama juu ya redio ya mtu.

"Siku ya msiba tulipolivuta kabati waya ukakatika," akaniambia bila hata kunificha. "Nilikuona umelala pale chini, sikutaka kukuongezea jambo. Nikachukua kipande changu nikauunga. Kwani haukufanya kazi?"

Baadaye kijana wa ofisini alinieleza kwamba nyaya zile mbili zinafanana kwa macho tu. Mawimbi yakifika kwenye kiungo, mengine hupita na mengine hugonga na kurudi yalikotoka, na mashine hutuma tena na tena mpaka ichoke. Lakini siku ile sikuwa nayajua hayo. Na hata ningeyajua, ningemwambia nini mtu aliyekata waya wake mwenyewe kunipunguzia mzigo?

"Ulifanya," nikamwambia. "Asante." Hasira nilirudi nayo nzima nyumbani, sina pa kuiweka.

Kwenye mashine yangu lilibaki faili la jaribio la mwisho. Kwa kulitazama lilikuwa na urefu wake wote, maana mashine hutenga nafasi kwanza kisha huijaza. Lakini lilikuwa limejazwa mwanzoni tu. Sikulifungua. Nilijiambia kwamba siku nikilifungua, ndiyo nitakuwa nimemzika kweli.

Msimu uliofuata, mpunga ulipokwisha kuvunwa, mama mkwe alikuja Ifakara kutibiwa macho, akafikia kwangu. Siku ya pili aliingia chumba cha mbele, akaketi kwenye kiti changu bila kukaribishwa, akatazama spika.

"Ile sauti," akasema. "Uliitoa?"

"Kidogo, mama."

"Niwekee."

Nilitaka kumwonya, badala yake nikamgeuzia spika. Nikaliwasha lile faili. Kwanza kulisikika kiti kikilia, kisha mke wangu akacheka kidogo, akasafisha koo.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," mama yake akajibu.

"Ni mimi. Mama, nina jambo, nataka ulijue wewe kabla ya mtu yeyote..."

Hapo sauti ikaisha, ingawa kwenye kioo mshale uliendelea kusogea, dakika baada ya dakika, juu ya mahali palipokuwa na maneno yake. Mama mkwe alisogeza sikio karibu na spika. Akangoja. Hatimaye akanigeukia na macho yake yale yasiyoona vizuri.

"Mbona amenyamaza?"