Tangi Nililosema Halina Maji

Sikutungii kitu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na akili zangu timamu. Tangi lenyewe bado lipo nyuma ya karakana yangu hapa Garissa, na ukija nitakuonyesha. Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalize.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa Mwingi niliyekuja huku kutafuta kazi nikalowea. Mwaka uliotangulia zile mvua za Elinino, alinijia Mwalimu Hussein, mzee aliyekuwa amestaafu kufundisha jiografia. Alikuwa amepata pikapu kuukuu inayovuta kwa magurudumu yote manne, akataka niitengeneze aweze kwenda nayo porini na kulala huko siku tatu nne, yeye na mkewe na watoto. Watoto wake walizaliwa mjini, ngamia waliwaona sokoni tu. Alitaka wakayaone malisho ambako nyanya yake alikuwa akihama na nyumba nzima juu ya ngamia.

Majirani walimchokoza sana. "Babu zetu walilala nje kwa sababu hawakuwa na mabati," mmoja alimwambia. "Wewe una mabati, bado unalala nje?" Mwalimu alitabasamu tu. Mimi niliipenda kazi ile kuliko zote nilizowahi kufanya. Niliongeza majani ya springi nyuma ili gari lisididimie kwa mzigo. Nikaunda keria ya juu ya kubebea hema na gurudumu la pili la akiba, nikafunga betri nyingine ya taa, nikakata vibao viwili vya chuma vya kutandika chini ya magurudumu gari likizama mchangani.

Lakini kilichonipa kichwa kikubwa ni tangi la maji. Nililichomelea nyuma ya kebini, la kuingia madumu kumi. Ili kuua ladha ya chuma nililisugua kwa majivu, nikakamulia ndimu nyingi na kuziacha humo siku tatu. Nililisuuza mara kadhaa na bado maji yalikuwa na ladha ya ndimu. Zikumbuke hizo ndimu.

Mwalimu alikuwa na ombi moja. "Fundi, bomba la maji liweke nje, ubavuni. Mtu akitukuta njiani anywe bila kubisha hodi." Huku kwao maji ya safarini ni ya kila mwenye kiu, na mwenye gari akiyabana atasemwa mpaka kwa wajukuu. Niliitikia, halafu nikafanya yangu. Nililificha bomba ndani ya sanduku la spana, nikatia kufuli, ufunguo nikauweka mfukoni. Nilikotoka mimi, kitu kizuri kinafungwa. Nikamwambia la nje nitaliweka tukirudi kutoka kulijaribu gari.

Tulikwenda wawili tu. Mkewe alitufungia anjera za kula njiani na kuniambia, "Fundi, huyo ana sukari. Nirudishie mzee wangu." Miaka ile hukupita njia zile usiku kama unajipenda, kwa hiyo tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Madumu tuliyaacha nyumbani. Si tulikuwa na tangi lililojaa? Tukapita Balambala, kisha tukauacha mto na kuingia nyika kavu.

Adhuhuri ilipofika tulisimama. Mwalimu alichukua birika lake la kutawadhia, akaenda kuswali nyuma ya vichaka. Mimi nilipanda juu kukaza nati za keria. Niliposhuka, nilimkuta mama amesimama kando ya gari. Sikumsikia akija. Alikuwa mrefu, mwenye shungi la buluu, na begani alibeba haan, kile chombo cha kusukwa ambacho wahamaji hubebea maji. Kilikuwa kikavu kabisa. Viatu vyangu vilikuwa vyeupe kwa vumbi, na miguu yake mitupu haikuwa na hata chembe. Hilo niliona, nikalipuuza.

"Kijana, nibe maji," alisema, kwa lafudhi ya Kisomali inayogeuza p kuwa b.

Kwa nini nilimnyima? Nimejiuliza miaka mingi. Niliwaza nitafungua kufuli, kisha wenziwe watatoka vichakani na vyombo vyao, na maji yataishia hapo. Uvivu na uchoyo, basi. Nikamwambia, "Hakuna, mama. Hili tangi ni jipya, bado halijatiwa maji."

Aliweka kiganja juu ya tangi. "Halina?"

"Halina."

"Haya," alisema, bila hasira yoyote. "Halina." Akashika njia tuliyotoka nayo, akaenda zake.

Mwalimu aliporudi sikumwambia kitu. Tuliendesha kama saa moja, mpira wa rejeta ukapasuka. Sikuwa na wasiwasi, nilikuwa na mpira wa akiba. Niliufunga vizuri, nikafungua kufuli nipate maji ya rejeta, nikazungusha bomba. Halikutoka hata tone. Nikapanda, nikafungua mfuniko, nikaingiza mkono mpaka chini. Ulitoka na vumbi. Nililala chini ya gari kutafuta palipovuja, mchanga ulikuwa mkavu, na kila mahali nilipochomelea palikuwa pazima. Hebu niambie wewe, madumu kumi ya maji yamekwenda wapi?

Kufikia alasiri Mwalimu alikuwa amelala kivulini mwa gari na ulimi umekuwa mzito. Hakuna gari lililopita. Nilimpepea kwa kofia yangu, nikamkumbuka mkewe, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Huyu mzee atakufa hapa, nikawaza, na atakayekuwa amemuua ni mimi. Nikashindwa kunyamaza.

"Mwalimu, kuna mama aliniomba maji ulipokuwa unaswali. Nilimwambia tangi halina."

Alifungua macho. "Na lilikuwa nayo?"

"Lilikuwa limejaa."

Aliyafumba tena macho. "Basi mwambie ukweli."

"Nitamwambia wapi? Alishaenda."

"Wewe mwambie, fundi."

Nilisimama katikati ya njia nikaiambia nyika, "Mama, maji yalikuwepo. Yalikuwepo, nikakunyima." Nikalia. Sioni haya kusema. Nilipogeuka, alikuwa ameketi karibu na gurudumu la mbele, ile haan mapajani. Sasa ilikuwa imelowa, matone yanashuka pembeni. Kumbuka tulimwacha mbali huko nyuma, akienda upande mwingine.

"Mbe yeye kwanza," alisema.

Nikamnywesha Mwalimu kidogo kidogo mpaka akaweza kuketi. Kisha nikanywa mimi. Niamini, yalikuwa na ladha ya ndimu. Ndimu zangu, na chini yake ule ukali mdogo wa chuma kipya. Yalikuwa maji yangu mwenyewe. Nikajaza rejeta kwa chombo kile kile na hakikwisha. Nilimrudishia kwa mikono miwili, nikaenda kufunga kifuniko cha rejeta. Nilipoinua uso ili nimshukuru, hakuwepo.

Tulirudi polepole. Karibu na Balambala Mwalimu alisema, "Yule mzee, Mungu amlipe."

"Mzee gani?"

"Aliyetupa maji. Yule mwenye ndevu za hina."

Nilimtazama, naye akanitazama. Nikakaza usukani mpaka nilipomfikisha kwa mkewe.

Tangi lile nililijaza kesho yake. Asubuhi lilikuwa kavu. Nikalijaza tena mara mbili, ikawa hivyo hivyo. Nikatia mafuta ya taa, yakakaa mwezi mzima bila kupungua. Ni maji tu ambayo halikubali. Nikaling'oa, nikamwundia Mwalimu lingine lenye bomba ubavuni, bila kufuli, na hilo ndilo alilowapeleka nalo watoto wake malishoni. Tangu hapo kila gari la porini linalopita mikononi mwangu linatoka na bomba nje. Wateja wakibisha, nawapeleka nyuma ya karakana.

Usidhani nimekuwa mkarimu. Muulize mke wangu. Nimeacha jambo moja tu, kusema hakuna na kitu kipo. Fundi mwenzangu akiniomba spana nisiyotaka kuitoa, namwambia, "Ninayo, lakini sikupi." Wananiita mtu asiye na adabu, na sawa, waseme. Wewe nawe ukitaka kunyima, nyima kwa kinywa chako mwenyewe, ubebe lawama yako. Usilisingizie tangi. Hujui aliyeweka kiganja juu yake ni nani, na akikuitikia "haya", ujue amelichukua neno lako kama lilivyo.