Sahihi za Ijumaa

Kila Ijumaa, mwaka wa tatu sasa, Bi Hajara wa Kisugu aliamka akapika chakula cha mtu ambaye hakujua kama yu hai.

Mtu huyo alikuwa mumewe, Umar, fundi saa aliyekuwa na kibanda chake pale Nakawa. Walimchukua mwezi wa pili wa mwaka sabini na nne, mchana, na saa ya mteja ikiwa bado imefunguliwa mezani. Wanaume watatu, gari moja, hakuna aliyesema neno. Wengine walidai kuna mkubwa aliyechukia kucheleweshewa saa yake. Wengine walisema ni fitina ya mtu tu. Bi Hajara aliuliza kwa nini mpaka akachoka. Mwisho alibaki na swali moja, yuko wapi, na hilo nalo alijifunza kuliuliza kwa sauti ya chini.

Penye lango la gereza walikopelekwa waliochukuliwa hapakuwa na mtu wa kukujibu. Wanawake walikuwa na njia yao. Ulipeleka bakuli la chakula, ukataja jina la mtu wako, askari akalichukua akaingia nalo ndani. Likirudi limejaa, mtu wako hayupo, usijisumbue tena. Likirudi tupu, yupo. Bakuli la Bi Hajara lilirudi tupu tangu siku ya kwanza. Siku ile alitembea mpaka nyumbani akisema alhamdulillahi kila hatua, na binti yake Naila akamkuta jikoni amelikumbatia bakuli kama mtoto.

Ulichotakiwa ni kutia sahihi. Palikuwa na kitabu kikubwa cha jalada la kijani, kila ukurasa na namba yake: jina la mfungwa, jina la aliyeleta, tarehe, sahihi. Bi Hajara alisoma mpaka darasa la nne tu, lakini mwandiko wake aliuonea fahari. Wenzake wengi walibandika dole gumba. Yeye aliandika Hajara binti Maftah, jina zima, pole pole, huku askari akimwambia afanye haraka.

Basi miezi ikaenda. Chumvi ilipotea madukani, sukari ikawa ya kunong'onezana, sabuni ikakatwa vipande vya kidole. Bakuli halikukosa. Mwaka sabini na tano wakubwa wa Afrika nzima walikuja kukutana mjini. Mashimo ya barabarani yalifukiwa na kuta zikapakwa chokaa. Bi Hajara alisimama kando ya njia akiangalia magari yao yakipita, akasema moyoni kwamba kati ya hawa wote hatakosekana mmoja wa kuuliza. Walimaliza mkutano wao, wakapanda ndege. Mvua iliyofuata ikayafukua mashimo.

Ndipo alipokubali ushauri wa Ogutu, kwamba waandike nje. Huyu alikuwa Mjaluo wa Kisumu aliyepanga chumba cha pili na mkewe, kazi yake Port Bell, kuyafunga mabehewa yasihame ndani ya meli inayoyavusha ziwa. Alimjua sista mmoja wa misheni huko kwao, na sista aliwajua watu wa Ulaya wenye kamati yao. Kazi ya kamati ilikuwa kuziandikia serikali kuhusu wafungwa, na serikali isipojibu, kuupelekea Umoja wa Mataifa malalamiko. Naila, aliyekuwa amesoma Kiingereza, aliandika barua. Ogutu akaivusha ziwa chini ya ugali, katika kopo lake la chakula.

Ilipita miezi minane. Jumatatu moja baada ya alasiri Ogutu akabisha hodi, barua mkononi, hata viatu hajavua.

"Mama Naila, fungulia redio."

"Haina betri tangu Ramadhani."

"Basi twanga kitu. Karanga, chochote. Tupate kelele kidogo."

Bi Hajara alitwanga kinu kitupu huku Naila akisoma barua. Alisoma kwanza kwa macho, na mama yake akamwona akibadilika uso.

"Serikali imejibu," alisema Naila.

Mchi ulisimama. "Imejibu?"

"Twanga, mama," Ogutu alimhimiza.

"Wanasema Baba yuko kizuizini, ni mzima, hana malalamiko yoyote. Na ushahidi wa hayo..." Naila akaurudia mstari kwa macho.

"Soma, mwanangu."

"Ushahidi ni kwamba mkewe humpelekea chakula kila wiki, naye anakipokea. Mkewe ametia sahihi mara mia moja na nne." Akaikunja barua, akaikunjua tena. "Kamati inasema haina la kujibu hapo. Inauliza kama wewe unalo. Usipojibu mpaka mwisho wa mwezi, faili linafungwa."

Bi Hajara aliuweka mchi chini. Kilichomjia kwanza hakikuwa Umar. Aliwaza kwamba kuna mtu aliyeketi mahali, akafunua ukurasa kwa ukurasa, akalihesabu jina lake. Jina zima, kwa mwandiko unaosomeka. Akamtazama Naila, miaka kumi na tisa, kisha akautazama mlango kama komeo limeingia.

"Wamekufanya shahidi wao," alisema Ogutu.

"Kwa chakula changu mwenyewe."

"Basi acha kupeleka," alisema Naila.

"Na kama yupo?"

"Kama yupo, Mama, mbona hawamwonyeshi?"

"Kama yupo, na Ijumaa bakuli lisifike, atajua nimekufa. Au atadhani nimeolewa."

"Uolewe na nani?" Ogutu aliuliza. "Kisugu nzima wanakuogopa."

Walicheka, hata yeye, cheko fupi lililoisha upesi.

Jambo lenyewe lilikuwa zito kuliko alivyoweza kuwaeleza. Shehe Mansur alikwisha kumwambia kwamba eda haianzi kwa kubahatisha, na kwamba mke wa mtu aliyepotea ana muda wake wa kungoja. Kwa hiyo Bi Hajara hakuwa na mume wala hakuwa mjane. Harusini alikaa nyuma, kwa sababu hakujua kama hina ni halali kwake. Msibani wajane walimsogezea nafasi karibu yao, naye hakujua kama aikubali. Bakuli lile lilikuwa ndilo ndoa yake yote iliyobaki. Sasa ndilo lililokuwa likimzika Umar, bila sanda na bila mtu kumwombea dua.

Siku ya Alhamisi alikwenda soko la Nakawa kutafuta mboga. Mvua zilikuwa zimenyesha, na mwanamke mmoja alikuwa na kikapu cha uyoga mweupe. Bi Hajara alipita, akarudi, akasimama. Umar alikuwa Muganda wa ukoo wa Butiko, na watu wa ukoo huo hawali uyoga, ndio mwiko wao. Yeye mwenyewe ni wa watu wa pwani, babu zake walikuja na misafara ya biashara, na kwao hakuna mwiko kama huo. Lakini katika miaka ishirini na miwili ya ndoa uyoga haukuingia chunguni mwake. Alinunua fungu moja.

"Mama, unapika nini?" Naila alisimama mlangoni asubuhi ya Ijumaa, mkono mdomoni.

"Akiwa yupo, hatakula. Uyoga utarudi kama ulivyokwenda; safari hii bakuli lililojaa ndilo litakalosema yupo, na atajua ninamwuliza."

Aliupika kwa karanga, kama alivyowahi kuona kwa majirani. Hakuuonja.

Langoni alikuwapo Komakech, askari mrefu mwenye kikohozi, ambaye alikuwa akipokea mabakuli karibu mwaka mzima. Hakuwa mkali wala mpole. Alilipokea bakuli, akafungua kifuniko, akanusa.

"Leo harufu ni nzuri, mama."

"Mpelekee kikiwa moto, afande."

Akatia sahihi, nyingine juu ya zile walizohesabu, akangoja juani. Bakuli lilirudi limekwanguliwa hadi chini. Hata rojo haikubaki.

"Basi tumejua," alisema Naila jioni ile, akilia.

"Tumejua nini?" Bi Hajara alikaa kwenye mkeka, miguu imevimba. "Mtu aliyefungwa zaidi ya miaka miwili, njaa imemla, utamwekea mwiko mbele yake asiule? Nimempikia baba yako kitu kilichokatazwa kwao, na sijui kama hakikumfikia au alikula akilia. Sijui, Naila. Nilikuwa sijui, na sasa sijui zaidi."

Kesho yake Ogutu alikuja kuchukua jibu. Meli ilikuwa inaondoka saa kumi.

"Andika," Bi Hajara alimwambia binti yake. "Chakula nimepeleka. Mume wangu sijamwona. Hayo mawili tu. Usiseme amekufa, usiseme yu hai."

Naila aliandika. Ogutu aliisoma, akajikuna shingo.

"Mama Naila, nisikasirikiwe. Hili ni neno lako peke yako. Wao wana kitabu. Wazungu wale wataka kutusaidia, lakini kule wanakobishana, kitabu cha serikali ni kitabu cha serikali."

"Kwa hiyo neno lililo humo ndilo linalosikika."

"Ndivyo dunia ilivyo."

Bi Hajara aliifunga barua katika jani la mgomba na kumpa Ogutu, akamtakia safari njema. Lakini wiki nzima hakulala vizuri, na mara mbili Naila alimkuta akiandika kwa kidole juu ya meza.

Ijumaa ilipofika alipika kunde na matoke, chakula cha kawaida. Kabla hajatoka alimpa Naila nguo mbili na pete yake, akamwambia ashinde kwa mke wa Ogutu, na kama yeye hatarudi hadi alasiri, Ogutu anajua la kufanya, amvushe ziwa.

"Mama, unakwenda kufanya nini?"

"Kupeleka chakula."

Foleni ilikuwa ya wanawake kumi na mmoja. Nyuma yake alisimama Akullo, mama wa kutoka kaskazini aliyekuwa akimfuata mwanawe wa pekee. Akullo alimwita Hajati, ingawa Maka aliisikia tu.

"Hajati, leo mbona umejitanda kanga mbili juani? Malaria?"

"Labda."

Zamu yake ikafika. Komakech alichukua bakuli, akamsukumia kitabu. Bi Hajara aliandika jina la Umar, jina lake, na tarehe. Penye sahihi aliandika kwa herufi kubwa za shule, pole pole: Chakula nimeleta. Yeye sijamwona tangu alipochukuliwa. Kisha akatia sahihi, jina zima.

Komakech alikigeuza kitabu, akasoma midomo ikitikisika. Alitazama nyuma yake uani, akainama.

"Wewe mama, hii ni nini? Unataka kufa?"

"Kitabu kinasema nimeleta chakula, afande. Ni kweli, nimeleta. Na hilo nalo ni kweli."

"Wataanza na mimi kabla yako. Wewe unajua kabila yangu? Sisi wa kaskazini wanatumaliza. Mimi hapa naomba Mungu wasinikumbuke tu."

"Nionyeshe hata mkono wake dirishani. Nitayafuta kwa kalamu hii hii, na nitakuombea mpaka nife."

Komakech alishika ukurasa kwa ncha ya vidole kana kwamba angeuchana. Lakini pembeni palikuwa na namba, mia mbili na kumi na sita, na kwenye ukurasa ule yalikuwapo majina ya wanawake saba waliotangulia. Aliuachia. Alikohoa sana, mgongo umepinda, na alipomaliza macho yake yalikuwa mekundu, haikujulikana ni kikohozi au ni nini.

"Dirisha iko," alisema, polepole sana. "Mtu wa kuonyesha..." Akalichukua bakuli, akalitazama, akamrudishia mikononi, likiwa limejaa, kifuniko hakijafunguliwa.

Bi Hajara alilipokea. Lilikuwa bado la moto. Hakulia na hakupiga kelele. Alijisikia amechoka tu, kama mtu aliyeshushwa mzigo akakuta mabega hayanyooki tena. Alitaka kukaa chini, na hapakuwa na mahali pa kukaa.

"Mwingine!" Komakech aliita, uso ameuelekeza barabarani.

Akullo alisogea, kidole gumba tayari kimepakwa wino. Alilitazama bakuli lililojaa, akamtazama Bi Hajara. Wanawake wote wa foleni walijua maana ya bakuli lililojaa.

"Pole, Hajati," alisema. "Pole sana. Mle ndani umeandika nini?"

"Kwamba nimeleta, na sijamwona."

Akullo alikigeukia kitabu, kidole kikiwa hewani.

"Mimi sijui kuandika. Wangu nilimwona mara ya mwisho na shati la shule." Akakitia kidole kwenye kanga yake, akakifuta wino. "Niandikie na mimi."

Bi Hajara alimtazama Komakech. Askari alikuwa amevua kofia na kuipangusa, na hakugeuka. Kalamu ilikuwa pale pale juu ya kitabu. Aliliweka bakuli chini karibu na miguu yake, akainama juu ya meza, kiuno kikimuuma.

"Mwanao anaitwa nani?" aliuliza. "Liseme jina pole pole, lote."