Kamera Mbili Juu ya Paa

Simu ya Mama Tangi ilizama mchana kweupe, yeye mwenyewe akiitazama. Alikuwa ameinama kwenye mdomo wa tangi apige picha ya mwisho baada ya kuosha na kujaza maji mapya, vidole bado vina maji, na simu ikamponyoka kama sabuni. Ilishuka polepole, taa yake inawaka, ikatua kwenye sakafu aliyotoka kuisugua. Wifi yake, aliyekuwa pembeni anakunja mpira wa maji, akachungulia.

"Angalau maji ni safi," akasema. "Inaonekana mpaka chini."

Ilikuwa simu ya pili kuzama. Jioni ile mume wa Mama Tangi, fundi wa kuchomelea madirisha na mageti, aliipokea habari bila kuinua macho kwenye sahani. "Sinunui tena simu ya kulisha matangi," akasema. "Tafuteni kamera."

Kazi yao ilikuwa kuosha matangi ya maji juu ya majengo ya kupanga, yale matangi ya zege yaliyojengwa pamoja na nyumba, yenye tundu moja dogo juu na ngazi ya chuma ndani. Mama Tangi aliianza na wifi yake, mdogo wa mumewe wa tumbo moja, kwa sababu wote wawili walikuwa wembamba. Wanaume wenye mabega ya kujivunia waliwahi kuijaribu kazi hiyo, na mmoja alikwama kwenye tundu nusu ndani nusu nje mpaka akapakwa mafuta. Tangu hapo hakuna aliyewaonea wivu.

Picha zilidaiwa na msimamizi wa majengo, mzee mwenye shati lililonyooka na magoti yasiyotaka ngazi. Wapangaji wake walikuwa wakilalamika kwamba matangi hayaoshwi, ila yanafunguliwa na kufungwa tu. Kwa hiyo akaweka sharti: picha kabla ya kuosha na picha baada ya kuosha, kila kona. "Bila picha," alikuwa akisema, "mmepanda kupunga upepo."

Basi wakaenda kwenye duka la kamera, betri na saa, chini ya jengo moja la ofisi. Muuzaji alikuwa mtu mpole, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Mama Tangi alimweleza shida yake yote, tangu simu ya kwanza. Muuzaji akasikiliza, akaweka kamera mbili juu ya kioo cha meza.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya rangi ya chungwa, imejaa kiganjani kama kipande cha sabuni ya kufulia. "Hii ni ngumu," akasema. "Iangushe, itumbukize, ifukie mchangani. Ukiiokota inapiga."

Ya pili ilikuwa kubwa, nyeusi, ina lenzi ya kufungua na kufunga. "Na hii ni DSLR, kamera ya wapiga picha, ya mtu anayeanza. Hapa ndipo picha zilipo. Ila maji usiionyeshe."

"Bei?"

"Zimekaribiana sana."

Mama Tangi akashusha pumzi. Zingepishana bei, umaskini ungemchagulia. "Sasa kaka, ipi nzuri?"

"Inategemea, mama."

"Inategemea nini?"

"Hii ndogo sensa yake, lile jicho la ndani linalopokea mwanga, ni ndogo, gizani inahangaika. Hii kubwa sensa yake ni kubwa, gizani inaona. Lakini ndogo unaingia nayo popote. Lakini kubwa unabadilisha lenzi. Lakini tena..."

Kila "lakini" ilifuta ile iliyotangulia. Mama Tangi alikuwa akiitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia na watu wawili wanaoonyesha pande tofauti. Kwake jibu lilikuwa wazi alipoingia dukani: kazi ya maji, kamera ya maji. Ghafla akasikia sauti ya wifi yake nyuma.

"Tuchukue kubwa."

Akageuka. Huyu ndiye wifi aliyekuwa akiziba mabuti yake kwa viraka vya tairi la baiskeli, asiyependa kitu kipya hata kijiko. "Kubwa ya nini, wifi? Tunaosha harusi?"

"Tuchukue kubwa," akarudia, na hakutoa sababu.

Walitoka mikono mitupu. Nyumbani Mama Tangi akampelekea mumewe kesi. Fundi alikuwa barazani anapiga msasa fremu ya dirisha, na alipoelewa anachoulizwa akauweka msasa chini.

"Huyu ni dada yangu, wewe ni mke wangu," akasema. "Nikielemea kulia nimekosa, nikielemea kushoto nimekosa. Mimi najua chuma. Kamera ziulizeni kamera." Akaokota msasa wake.

Siku iliyofuata Mama Tangi akapita kwa mpiga picha za vitambulisho, kijumba chenye pazia jeupe na kiti kimoja. Yule bwana alicheka aliposikia. "Kubwa, mama! Hiyo ndogo ni ya watalii wa kuogelea." Mama Tangi akashukuru, moyo umeanza kutulia, halafu akauliza yake iko wapi. Mpiga picha akakuna shingo. Yake ilinyeshewa mvua nje ya kanisa, haijaamka tena, na hiyo aliyokuwa akiitumia ilikuwa ya kuazima. Mama Tangi alitoka pale kichwa kinavuma kama mzinga wa nyuki.

Kilichomsumbua zaidi haikuwa kamera. Alimjua wifi yake. Walikuwa wamegawana sabuni, vicheko na mafua kwa miaka, na wakibishana, mmoja alikuwa akichoka haraka na kusema haya, tufanye la kwako. Safari hii wifi hakubishana wala hakuchoka. Alinyamaza tu akiwa ameshikilia neno lake moja, na Mama Tangi hakujua alishike wapi ili alifungue.

Waliporudi dukani, muuzaji aliwaona na uso ukamsawijika kidogo. Pengine na yeye alikuwa ameota zile "lakini" zake. Akawaambia jambo la maana: "Tangi la jengo hili sijaona likioshwa tangu nihamie. Nitazungumza na mwenye nyumba awalipe. Pandeni nazo zote mbili, mimi nitakuwepo, mjionee wenyewe."

Wakapanda asubuhi yenye jua kali, watu watatu na kamera mbili juu ya paa lililojaa antena na nyaya. Walipokwisha kuyafungulia maji, likabaki tope la chini, laini na jeusi kama masizi. Mama Tangi akavaa mabuti.

"Leo nitafanya kazi ya juu," wifi akasema. "Mgongo."

Mama Tangi akashuka peke yake. Alisugua, akazoa tope kwa ndoo, wifi akavuta kamba na kumwaga. Kisha akaitoa mfukoni ile kamera ya rangi ya chungwa. Ilimponyoka mara moja tu, ikatumbukia topeni, akaiokota, akaisuuza, ikawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Alitamani kuibusu. Akapiga kona zote, akampandishia muuzaji juu.

Muuzaji akavaa miwani, akatazama, akaisogeza kamera karibu zaidi na macho.

"Vipi?" Mama Tangi akauliza kutoka chini.

"Zipo. Ila zina... kama pamba."

Flashi ilikuwa imezimulika chembe za maji hewani, na kila picha ilikuwa imejaa vidoa vyeupe vinavyoelea. Alipopiga tena bila flashi, kuta zikatoka chenga tupu. Mtu angeweza kuapa ni tangi, na mwingine akaapa ni shimo la choo.

Ikawa zamu ya kubwa. Muuzaji alimtengenezea wifi kila kitu, akamwonyesha pa kubonyeza. Wifi akalala kifudifudi kwenye zege, akaishusha lenzi ndani ya tundu, akabana pumzi. Alipopokea kamera, muuzaji alitoa sauti ya mshangao, akampelekea Mama Tangi kwenye tundu aone.

Palikuwa na mwanamke amesimama chini ya nguzo ya mwanga, brashi mkononi, tope shavuni, ametazama juu. Nyuma yake ukuta ulionekana mpaka nyufa, nyembamba kama unywele. Mama Tangi alimtazama yule mwanamke muda mrefu kabla ya kukubali kwamba ni yeye. Hakujua kwamba akiwa humo anaonekana mchovu hivyo. Wala hakujua kwamba anaonekana mrembo hivyo.

"Sasa kona iliyo chini ya tundu?" akauliza.

Kona ile haikuonekana. Ukingo wa zege uliikinga, na kutoka nje ya tundu isingeonekana kamwe.

Basi hapo ndipo mambo yalipojifunga kabisa. Ndogo ilifika kila mahali na haikuona vizuri. Kubwa iliona vizuri na haikufika. Mama Tangi akamwuliza muuzaji, kwa upole wa mtu aliyekata tamaa, ipi basi. Muuzaji akavua miwani. "Mama, kusema kweli, hata mimi sasa sijui." Mteja akamwita kutoka chini, akashuka mbio, na ilionekana ameshukuru kuitwa.

Mama Tangi akabaki ndani, wifi juu. "Haya, wifi, shuka nayo polepole, mimi nitaipokea. Upige hii kona tuone."

Kamera haikushuka.

"Wifi?"

"Siwezi."

"Mgongo?"

"Sina mgongo mimi." Sauti ilitoka juu, ndogo. "Siwezi kuingia humo. Tangu siku ile mfuniko ulipoanguka."

Mama Tangi aliikumbuka siku ile. Upepo uliupiga mfuniko wa bati, ukajifunga, giza likawashika wote wawili ndani. Hawakukaa sana, mlinzi wa jengo aliwasikia wakigonga. Walipotoka, Mama Tangi alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu, na kisa hicho alikihadithia kila nyumba aliyokwenda.

"Lakini tulicheka, wifi!"

"Wewe ulicheka."

"Na wewe ulikuwa unatoa machozi kwa kucheka."

"Nilikuwa nalia."

Mama Tangi akaegemea ukuta wenye majimaji. Zikamjia zile asubuhi zote: mgongo, mafua, jino, kisigino. Kumbe kwa miezi alikuwa akishuka peke yake na hakugundua. Hasira ilimpanda, akataka kusema kwa nini umeninyima ukweli mimi, kisha aibu ikaja ikaikanyaga ile hasira, na baada ya hapo hakuweza kutofautisha moja na nyingine.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Muosha matangi anaogopa tangi? Ni sawa na mpishi anayekimbia moto. Mngeniweka kwenye masimulizi." Akavuta kamasi. "Nikaona, tukinunua ile isiyotakiwa kuingia majini, lazima mtu abaki nayo juu. Ingekuwa kazi yangu. Isingekuwa kujificha."

Mama Tangi alipanda ngazi, akakaa kwenye ukingo, miguu bado inaning'inia ndani. Hakumkumbatia wifi yake wala hakusema neno la maana. Alimpa kitambaa chake cha kichwa afute uso, na kitambaa kilikuwa na tope, wifi akajipaka nalo, wakatazamana.

Usiku ule Mama Tangi hakula vizuri. Mumewe alimwuliza tena kuhusu kamera, akamjibu kwamba sasa hajui hata swali lenyewe ni lipi. Akili ilimwambia ndogo, bado ilimwambia ndogo. Lakini aliwaza lile jambo la mfuniko, akawaza kwamba siku ile hapakuwa na mtu juu, na kwamba miaka yote ile walikuwa wakishuka wote wawili kama watu waliokosa wazazi wa kuwaonya. Halafu akawaza kwamba pengine anajitafutia sababu tu. Akalala na hayo.

Walinunua kubwa. Muuzaji aliifunga kwenye boksi akiwauliza mara mbili kama wana hakika, na mara zote mbili Mama Tangi alisema hapana, ila afunge. Fundi alipoiona akasema, "Kamera ya maharusi, ndani ya tangi!" Mkewe na dada yake wakamtazama kwa pamoja, akarudi kwenye chuma chake.

Tangi la kwanza lilikuwa la yule msimamizi mwenye shati lililonyooka. Mama Tangi alishuka na taa kichwani. Wifi alijifunga kamera shingoni, na mkanda akauzungusha mkononi. Kona zote zilipatikana isipokuwa ile ya chini ya tundu. Hapo wifi alilazimika kuingiza kichwa, mikono na mabega, kichwa chini, mpaka kiunoni. Alitetemeka hata ngazi ikalia.

"Nitazame mimi," Mama Tangi akamwambia. "Usitazame huko gizani, nitazame mimi."

Picha ya kwanza ilikuwa ya ukungu mtupu. Ya pili ilikuwa safi.

Msimamizi alizipitia picha kwenye kioo kidogo cha kamera, mwanzo kwa haraka, kisha polepole, kisha akakunja uso.

"Hizi zinaonekana mno," akasema.

"Si ndivyo ulivyotaka, mzee?"

"Nilitaka zionekane, si mno. Ona huu ufa. Na huu. Wapangaji wakiona watataka tangi jipya." Akasogeza kamera mbali na macho. "Hamna zile za zamani, zenye giza giza?"

Mama Tangi alimtazama wifi, wifi akamtazama Mama Tangi. Mwishowe msimamizi akatia sahihi akiguna, na baada ya siku chache akamwita fundi wa zege azibe nyufa, akawalaumu wao kwa gharama hiyo kila alipokutana nao, na kila mara akawapa tangi lingine la kuosha.

Mpaka sasa ukimwuliza Mama Tangi kama alichagua vema, atakuna kichwa. Atakwambia ile ndogo ya rangi ya chungwa ndiyo iliyofaa, ilitumbukia topeni ikawaka. Atakwambia hii kubwa ni nzito, inaogopa hata umande. Atasema hajui, na usoni utaona kweli hajui.

Asubuhi wanapanda ngazi za majengo ya watu, mmoja na ndoo, mmoja na boksi. Mama Tangi anashuka, anaanza kusugua. Kila baada ya muda kidogo sauti inaingia kwa juu.

"Upo?"

"Nipo. Wapi pengine nitakwenda?"

Anasugua tena, brashi inakwaruza zege, na kabla hajamaliza ukuta mmoja, inaingia tena.

"Upo?"

"Nipo, wifi, nipo."