Futi Haishikwi na Mtu Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini hapa Tunduma sikushika mkasi wala sindano. Nilikuwa nimeshuka kutoka Isongole na viatu vya kuazima, nikidhani nitafundishwa kushona maturubai. Fundi Mkuu, mtu wa Tanga asiyejua kucheka, akanipa ncha ya futi kamba. "Simama hapo nyuma ya trela. Ncha ikigusa chuma, sema 'imekaa'. Usiposema, mimi sisomi." Basi. Kutwa nzima kazi yangu ikawa kusema imekaa.

Nyinyi wa siku hizi mnaopima kwa mwanga wa leza mtacheka. Chekeni tu. Trela ni refu, limejaa mabonde na viraka vya kuchomelea, na aliye nyuma hamwoni aliye mbele. Tulikuwa tunashona vibaraza: turubai linalofungwa juu ubavuni mwa trela, dereva akilikunjua anapata kivuli cha kupikia na kujilaza wakati foleni ya mpakani imegoma. Kila trela lina kibaraza chake, hakiazimwi. Na tulipima trela likiwa na mzigo, maana springi zimelala. Ukipima trela tupu, siku likipakia linashuka, na upindo wa turubai unaburuzika kwenye tope. Hapo dereva atakutukana hadi Lusaka.

Fundi Mkuu alinipeleka Mkwajuni kushona mahema ya wachimbaji, akanirudisha, na alipozeeka akaenda kwao. "Usipime peke yako," aliniambia tukiwa stendi. "Futi ina ncha mbili, mwanangu." Nikafungua kibanda changu, na ncha ya pili akaishika mke wangu, Tumpe.

Ee, Tumpe! Sauti yake ilishinda injini. Kuna asubuhi tulikuwa tumenuniana, chai tunakunywa kila mtu na ukuta wake, lakini tukifika kwenye trela ilimbidi aseme. "Imekaa!" aliita kwa hasira kutoka nyuma. Mimi kicheko.

"Unacheka nini, Baba Lusajo? Soma, chuma kinaniunguza!"

Ugomvi uliishia hapo. Hatukuwa watu wa kuambiana mapenzi, lakini neno hilo moja tuliambiana maisha yetu yote.

Alipofariki, watoto walikuja, tukazika, wakarudi Dar. "Baba, pumzika sasa," walisema. Nikakataa. Nipumzike nikae na nani? Nyumbani kimya kilikuwa kinanila. Kwenye matrela angalau kuna watu. Nikanunua kibanio cha chuma, nikawa nabana ncha ya futi nyuma, navuta hadi mbele. Inapimika, sikatai. Ila kila nikifika mbele nilisimama nikisubiri, halafu ndiyo nakumbuka.

Siku moja akaja dereva wa Zambia, mtu mzima mwenye mvi, anataka kibaraza. Nikabana, nikavuta, nikasimama. Nadhani nilisimama sana, maana alinifuata.

"Mudala, unangoja nini?" Ndivyo wanavyotuita wazee kule kwao.

"Nangoja mtu aseme imekaa," nikamjibu. Sijui kwa nini nilimwambia ukweli.

Akaenda nyuma, akatoa kibanio, akashika ncha kwa mkono wake. "Mudala! Imekaa!"

Sauti nene, Kiswahili cha ng'ambo. Ncha ilikuwa imekaa kweli, namba zilikuwa mbele yangu, nami sikuweza kuzisoma kwa machozi. Nikamwomba arudie. Akarudia, taratibu, kama anayemwita mgonjwa. Mungu ambariki mtu yule. Lakini hakuwa Tumpe, na siku hiyo ndipo nilipojua kwamba sikuwa nafuata kazi kwenye yale matrela.

Kibaraza chake nilikishona kikakaa vizuri, nikauza cherehani. Watu wananiuliza kwa nini sikutafuta msaidizi. Nawaambia macho yamechoka.

Siku hizi nikifunga mlango, komeo likiingia, nasema kwa sauti: imekaa. Halafu nanyamaza kidogo, nimpe naye Tumpe nafasi ya kusoma.